Kulinganisha Ndimi

Kwa miaka miwili nilimchukia Jerónimo Arboleda kwa moyo wangu wote, na niseme kweli, nilikuwa naifurahia kazi hiyo. Sote tulisomea kilimo, lakini viatu vyake vya ngozi havikuwahi kuona tope. Baba yake ana shamba la kahawa upande wa Chinchiná, lenye nyumba ya ghorofa na farasi wa kupanda kwa starehe tu, na msimu wa mavuno wachumaji mia mbili hulala kwenye mabweni yake. Mama yangu aliwahi kuwa mmoja wao. Nilimwambia Jerónimo hivyo wiki ya kwanza ya chuo, mbele za watu, nikitaka aone haya. Akaniuliza kwa upole kama mama yangu hajambo siku hizi, nami nikamchukia zaidi.

Tulichogombania kilikuwa kiti. Chumba cha kuonjea kahawa pale chuoni Manizales kina meza ya duara yenye viti sita, na wanaokalia viti hivyo ni waonjaji wenye kibali, watu ambao neno lao hakuna mnunuzi wa kulipinga. Mwaka ule mzee mmoja alistaafu. Mwalimu Betsabé, mkuu wa chumba, akatangaza kwamba nafasi yake atapewa mwanafunzi mmoja, kwa mtihani, mwezi wa Novemba.

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyokitaka kiti kile. Kwetu, milimani huko Aranzazu, mnunuzi huchovya mkono kwenye gunia la mama, ananusa, anakunja uso, anasema kahawa mbovu, na kijiji kizima hakuna mwenye ulimi wa kumjibu. Nilitaka ulimi huo uwe wangu. Jerónimo naye alikitaka kwa sababu zake, ambazo sikujali kuzijua.

Shida ni kwamba hatukuwahi kukubaliana. Kahawa hupewa alama, mwisho mia, na waonjaji wawili wazuri hawapaswi kupishana zaidi ya alama mbili. Mimi na yeye tulipishana kwa sita, siku nyingine kwa nane. Niliposema hili bakuli lina uchachu, yeye alisema lina utamu. Alinibandika jina la Profesa, mimi nikamwita Bosi Mdogo, na wenzetu walikuwa wanakuja darasani mapema ili wasikose mchezo. Mwalimu Betsabé, mwanamke mfupi ambaye hajajipaka manukato tangu usichana wake kwa ajili ya pua yake, alituvumilia mpaka Agosti. Kisha akatuita ofisini.

"Nyinyi ndio ndimi mbili bora nilizonazo, na hamnifai kitu," akatuambia. "Kuanzia kesho saa kumi na mbili asubuhi mtaonja pamoja, nyinyi wawili tu, mpaka mlingane. Asiyetaka ajitoe kwenye mtihani."

Hakuna aliyejitoa.

Basi tukaanza. Ilitubidi tufike kabla ya kunywa hata chai, bila dawa ya meno yenye mnanaa, bila sabuni yenye harufu, katika ile baridi ya Manizales inayoingia mpaka kwenye mifupa. Tulisaga buni, tukamimina maji ya moto kwenye mabakuli, tukasubiri dakika nne, tukapasua utando wa juu kwa kijiko huku pua zikikaribia kuzama. Kisha tulifyonza kwa kishindo, kama inavyotakiwa, ili kahawa itapakae kinywa chote. Jaribu kumchukia mtu kwa heshima zako huku nyote wawili mnafyonza kama ng'ombe kwenye hori la maji. Haiwezekani kwa muda mrefu.

Tuligundua upesi kwamba hatukupishana kwa ulimi. Tulipishana kwa maneno. Yeye aliandika "lozi", na mimi sikuwahi kula lozi. Mimi niliandika "gunia la mkonge lililolowa mvua", na yeye hakuwahi kulala juu ya gunia. Mwonjaji hulinganisha anachoonja na kile anachokikumbuka, na sisi hatukuwa na kumbukumbu hata moja ya pamoja.

Asubuhi iliyofuata alikuja na lozi tano kwenye leso. Alizipanga mbele yangu, nikala moja moja, polepole, nikijifanya sioni kwamba anautazama mdomo wangu. Kesho yake nikamletea kipande cha gunia, nikakilowesha bombani, nikamtupia. Nilitegemea atakishika kwa vidole viwili. Alijifunika nacho usoni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani ameshindwa kupumua. Alipokitoa alikuwa na nyuzi kwenye nyusi. Akasema sasa ameelewa lile bakuli la Jumanne tulilogombania, na kwamba nilikuwa sahihi. Siku hiyo chuki yangu ilipata ufa, na sikupenda hata kidogo.

Kufikia Septemba tulipishana kwa tatu, kisha kwa mbili. Tulipokuwa tukisubiri zile dakika nne tulianza kuongea. Nikajua kwa nini alikitaka kiti. Baba yake alikuwa amemtafutia nafasi katika ofisi ya mjomba wake Bogotá, akae na tai shingoni auze kahawa kwa simu, kwa sababu kwa maoni ya mzee huyo Jerónimo hajui lolote zaidi ya kupendeza kwenye picha za familia. Kiti cha Mwalimu Betsabé ndicho kitu cha kwanza alichowahi kukitaka ambacho baba yake hakuweza kumpatia wala kumnyima. Niliposikia hayo nilikereka. Mtu akishakuwa na shida yake mwenyewe, kumchukia kunakuwa kazi ngumu.

Asubuhi moja tukageuza karatasi zetu na kukuta namba moja: themanini na sita na robo. Hata robo ililingana. Jerónimo akacheka, akaniegemea begani sekunde moja tu, kisha akaenda kuosha vijiko. Mimi nikabaki nimeshika karatasi. Nimejua tangu nina miaka kumi na mitatu kwamba napenda wavulana, sikuwa na cha kujidanganya. Nilikuwa nimempenda, na nilikuwa nampenda yule yule niliyetakiwa kumshinda.

Ilibaki kahawa moja tu tuliyoshindwa kukubaliana. Mara kwa mara Mwalimu Betsabé alituwekea bakuli bovu katikati ya mazuri, ili tulibaini. Siku moja lilikuwa bakuli la pasilla, yaani punje zinazokataliwa, zilizotobolewa na wadudu, nyeusi, zilizochacha. Jerónimo akaipa sitini. Mimi nikaipa themanini na nne. Akadhani nafanya mzaha, akaangua kicheko.

Sikuwa nafanya mzaha. Punje nzuri za milimani kwetu hushuka zote kwenda kuuzwa, na zinazokataliwa ndizo zinazobaki jikoni. Mama huzikaanga mpaka zinakuwa makaa, anazichemsha na sukari guru, na hiyo ndiyo kahawa. Niliinywa kabla sijajua kutembea sawasawa. Ulimi wangu ulipoikuta kwenye bakuli ulijiona uko nyumbani, ukafurahi, mkono ukaandika.

"Hiyo unayoicheka ndiyo iliyonikuza, Bosi Mdogo," nikamwambia. Nikaweka kijiko chini na kuondoka.

Siku mbili nilingoja aombe radhi kwa maneno matamu, nipate sababu ya kumkatalia. Siku ya tatu alinikuta mlangoni, akasema hajui la kuniambia, na kwamba hawezi kuielewa kahawa ile kwa kuionja kwa kijiko. "Nipeleke nikainywe," akasema.

Tulikwenda wikiendi ya sikukuu ya Oktoba. Mama, Edelmira, alilijua jina la Arboleda kabla kijana hajamaliza kulitamka. Akafuta benchi kwa aproni, akataka kumkalisha sebuleni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, mahali anapokaa padri. Jerónimo akaomba akae jikoni. Akasimama pale tunaposimama sote, mgongo kwenye ukuta wa moto wa nyuma ya jiko, na mama akamkabidhi kikombe cha bati. Hakunusa. Hakufyonza. Alikunywa kama mtu mwenye kiu, akaomba kingine, kisha kingine.

"Huyu mtoto kwao hawamnyweshi," mama akaniambia, kana kwamba mgeni hasikii. Tangu hapo akamwita mwanangu, akamtuma kuleta kuni, akamcheka alipojiunguza akigeuza arepa, mikate yetu ya mahindi, kwa vidole.

Mchana tulichambua buni mezani, nzuri huku, mbovu huku. Mama alikuwa nje na kuku wake. Katikati ya rundo mkono wa Jerónimo ukaukuta wangu, ukatulia juu yake. Nikauacha. Tukakaa hivyo tukiangalia zile punje kama watu waliopewa mtihani.

"Arbey," akasema, "nimechoka kushindana na wewe."

"Bado wiki tatu," nikamjibu, mpumbavu mimi.

Katika wiki tatu hizo hatukutamka neno mapenzi, na hakuna ambacho hatukukijua. Manizales si mji wa vijana wawili wa kiume kushikana mikono barabarani, na juu ya yote kiti kilikuwa kimoja. Yeyote ambaye angekipata, mwingine angebaki na swali kama alishindwa kwa haki. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba kila mmoja ataonja kwa haki, kwa nguvu zake zote. Yeye ndiye aliyelisema kwanza.

Mimi nilikuwa na kazi ya ziada. Kila asubuhi, kabla hajafika, nilijitengenezea bakuli la pasilla na kujifunza kulichukia. Nilijiambia huu ni ukungu, huu ni udongo, huku ni kuoza. Mara ya kwanza mkono ulikataa kuandika. Baadaye ukazoea, themanini, sabini, sitini na tano. Siku nilipofika sitini bila kusita nilijiona kama nimetema mate kwenye sakafu ya mama. Lakini mnunuzi hatajibiwa na ulimi wenye huruma, na mimi nilitaka kumjibu.

Mtihani ulikuwa Alhamisi, mabakuli kumi. La saba nililitambua kwa mvuke tu. Nikafyonza, nikatema, nikaandika sitini, nikasonga mbele.

Ijumaa matokeo yakabandikwa mlangoni, alama zetu zote pamoja na za waonjaji wa meza. Kiti kilikuwa changu. Nilishangilia kwa muda usiozidi pumzi moja, kisha nikasoma safu ya Jerónimo. Katika mabakuli tisa tulipishana kwa alama moja, au hatukupishana kabisa. Kwenye bakuli la saba, meza ilikuwa imetoa sitini na moja. Yeye alikuwa ameandika themanini na saba.

Damu ikanipanda kichwani. Nilimkuta nyuma ya chuo, kwenye kitalu, anamwagilia miche ya kahawa, na sikungoja hata salamu.

"Nani alikuomba sadaka?" nikamwambia. "Baba yako kila Krismasi anawagawia wachumaji vikapu vya zawadi. Na wewe sasa unagawa viti?"

Akaweka chini ndoo ya kumwagilia. "Sikukupa kitu."

"Alama ishirini na sita, Jerónimo. Wewe huwezi kukosea kiasi hicho hata ukiwa na homa. Naujua ulimi wako kuliko wangu."

"Ulikuwa unaujua."

Alikuwa mweupe usoni, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala. Akaniambia kwamba alipolionja bakuli lile alisahau kama yuko kwenye mtihani. Aliona ukuta wa moto mgongoni, mama akimcheka, na mimi kando yake na unga wa arepa mikononi. Akaandika alichokionja. Hakujua alichofanya mpaka alipotoka nje, na hapo akatapika kwenye maua ya mkuu wa chuo. "Nilikitaka kiti kile," akasema. "Usinivunjie heshima kwa kudhani nilikuachia. Januari nitakuwa Bogotá na tai shingoni, au nitakuwa nimegombana na baba na sina pa kulala, bado sijui. Sikukosea kwa ajili yako, Arbey. Nilikosea kwa sababu nilikuwa na furaha."

Nilitaka kumtukana. Lakini nilichokiona ni karatasi yangu, ile sitini niliyoiandika bila kusita.

"Mimi niliipa sitini," nikasema.

"Ndiyo kazi. Ulifanya sawa."

"Ni kahawa ya mama yangu."

"Najua."

Nikakaa chini palepale kwenye tope nikalia, mimi mwonjaji mwenye kibali, kamasi na yote. Yeye akakaa kando yangu na suruali yake ya gharama, akaniweka mkono shingoni, mkono baridi wenye udongo. Kwa mbali wanafunzi walikuwa wanatoka darasani.

"Themanini na saba ni nyingi mno," nikamwambia nilipoweza.

"Najua," akasema. "Lakini sasa siwezi kuipa chini ya hapo."

Nikageuka nikambusu, mchana kweupe, wenzetu wakipita na vitabu vyao. Mdomo wake ulikuwa hauna ladha ya kitu chochote, maana tangu jana yake alikuwa hajaweza kula.