Fimbo ya Dayaljibhai

Jana jioni Hansa wangu alirudi nyumbani na nundu kwenye paji la uso. Mlikuwa mnacheza watoza kodi, ninyi watoto wa mtaa huu, na yeye aliwekwa upande wa serikali. Nilipomuuliza nani kampiga, akasema, "Dayaljibhai." Yaani Kanti, aliyekuwa Dayaljibhai kwenye mchezo.

Nikamwita Kanti. Hakuona kosa lolote.

"Mama Hansa, mbona hata kwenye picha ya shuleni ameshika fimbo? Aliwatwanga Waingereza mpaka wakakimbia kwao."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua. Wale kaka wa chuo waliopita juzi kwenda kwenye maandamano walikuwa nazo. Wanasema hiyo ndiyo fimbo ya Dayaljibhai."

Sijatulia tangu hapo. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini fimbo hiyo naijua, ilikaa nyuma ya mlango wetu. Basi naandika, na Hansa atawasomea. Kanti akae mbele.

Dayaljibhai alizaliwa kijijini hapa, mtoto wa mkamua mafuta. Alisoma hadi Bombay, akarudi na koti jeusi la wakili. Haukupita muda koti likabaki kwenye msumari, akawa anavaa nguo alizosokota nyuzi zake mwenyewe, mbaya kwelikweli, nyuzi nene kama kamba ya ndoo. Na alikuwa mwoga wa vyura. Akimwona chura, anapanda juu ya kitanda na kumwita mama yake. Nawaambia haya msije mkadhani alizaliwa jasiri.

Mwaka ule mvua iliharibu pamba, na bado Waingereza wakapandisha kodi ya ardhi. Dayaljibhai akatukusanya akasema: hatulipi, na hatumpigi mtu. Yote mawili kwa pamoja. Wengi walilipenda lile la kwanza.

Asiyelipa alichukuliwa nyati wake wa maziwa. Kwa hiyo tuliwafungia nyati ndani ya nyumba, tukakaa nao. Kufuli nje mchana kutwa, kama nyumba tupu, mlinzi juu ya mti na ngoma ya kutuonya watoza kodi wakija. Ngoma ikilia, kijiji kizima kinanyamaza, hata anayekohoa anauma nguo. Tulipika na kulala pembeni ya nyati wetu, Kajri, katika joto na mkojo na nzi. Ngozi yake ilipauka kwa kukosa jua. Watu nao walianza kugombana kwa jambo dogo, kijiko tu. Kaka yangu Bhikhu, kijana wa miaka kumi na tisa, alizunguka chumbani kama yeye ndiye aliyefungwa kamba. Siku moja akaja na mwanzi mnene, akauvika shaba kwenye ncha.

"Wa nini huo?" mama akamuuliza.

"Wa nyoka."

"Nyoka apite wapi humu, na Kajri amejaa mpaka mlangoni?"

Bhikhu akausimamisha nyuma ya mlango. Tangu siku hiyo, kila ngoma ilipolia, mama aliutazama ule mwanzi kwanza, ndipo anautazama mlango.

Nyati asipoogelea anateseka. Alasiri moja mama alifungua mlango wa nyuma kutupa samadi, Kajri akamsukuma, akatoka mbio hadi bwawani. Akazama mpaka shingoni, akafumba macho. Ngoma ikalia tukiwa bado tunamwita.

Mtoza kodi, Bwana Kelkar, alifika na watu wake. "Leo serikali imejiandaa kabisa," akasema. Walimfunga kamba Kajri wakavuta, akakataa. Mmoja akaanza kumpiga puani. Nyati wa maziwa akipigwa puani analia sauti ambayo sitaki muisikie. Milango ikafunguka. Vijana wakatoka na fimbo, Bhikhu mbele yao.

Mimi nilikuwa nimepanda juu ya paa. Nikaona wasichokiona wao: ng'ambo ya bwawa, ndani ya miwa, kofia za polisi na midomo ya bunduki. Walikuwa wamechuchumaa wakingoja pigo moja tu, wapate kisingizio cha kufyatua risasi. Nikapiga kelele, lakini kilio cha Kajri kikaifunika sauti yangu.

Ndipo nikamwona Dayaljibhai. Hakuzunguka kwa njia. Alikatiza matopeni penye vyura tele, peku, akiruka na kuguna, akaja kusimama mbele ya kaka yangu akihema.

"Bhikhu, niazime fimbo."

"Ya nini?"

"Mwiba umenichoma. Siwezi kukanyaga."

"Bhai, ndugu yangu, nipishe. Huoni wanavyompiga Kajri?"

"Naona. Atapelekwa mjini leo, nami nakwenda naye, awe na uso mmoja anaoujua. Ni mbali. Nipe nitembelee."

"Mwoga wa vyura," Bhikhu akasema, "sasa umekuwa mwoga wa watu."

Wengine wakacheka. Dayaljibhai naye akacheka kidogo. "Vyura nimewapita sasa hivi, bado nawasikia miguuni." Akanyoosha mkono. "Nikiishika mimi, watanifunga mimi. Ukiishika wewe, mama yako atakuzika wewe. Tazama kwenye miwa."

Damu ilikuwa inamtoka mguuni kweli. Hakuwa mtu wa kudanganya hata kwa jambo jema.

Bhikhu akatazama miwa. Mama alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yake bila kumgusa. Kaka yangu akaishusha fimbo mpaka shaba ikagonga jiwe, tik. Kisha akaitoa. Waliokuwa nyuma yake wakaziweka zao chini, mmoja mmoja, kwa kinyongo.

Kelkar hakufurahi hata kidogo. Mama akaingia majini, akamkuna Kajri nyuma ya sikio, akamtoa mwenyewe, kwa sababu hakutaka apigwe tena. Hatukumwona tena Kajri. Mama aliendelea kuweka ndoo ya kukamulia mahali pake.

Dayaljibhai alikamatwa langoni mwa mji, akichechemea, ameegemea fimbo ya Bhikhu. Mtu wa gazeti akampiga picha pale pale. Ndiyo hiyo iliyoko shuleni kwenu. Gereza lilimharibu kifua. Aliiona bendera yetu ikipanda, na baridi iliyofuata akafariki.

Sasa Kanti, yule mzee Bhikhu anayewafukuza mkichezea kamba ya kisima chake, yule mnayemwita Meno Mawili, ndiye huyo. Yupo hai anawatukana kwa sababu kuna mtu alimnyang'anya fimbo.

Hansa naye ameniambia asubuhi kwamba akikua atakwenda kwenye maandamano. Sitamfungia mlango, nimeishi ndani ya mlango uliofungwa. Lakini aniambie kabla ya kutoka, na nimwone mikono yote miwili ikiwa mitupu.