Mkaidi Ndani ya Pipa

Pigo la kwanza la nyundo lilivunja mlango wa maabara, la pili likamvunja Tarcísio goti. Fundi huyo wa roboti akaanguka chini ya meza akimwita mama yake.

Jandira alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa pipa. Humo ndimo ilimokuwa chachu yake, waliyoibandika jina la Mkaidi. Walibadili vinasaba, roboti likadondosha maelfu ya chachu visahanini na kuzijaribu, mpaka ikapatikana hii moja iliyogeuza maji ya miwa kuwa mafuta ya gari kwa wingi kuliko zote. Jumatatu wangeigawa bure kwa wakulima wadogo wa Piracicaba. Kuna tajiri wa kiwanda ambaye hakutaka Jumatatu hiyo ifike.

"Habari za asubuhi, dokta," alisema Genivaldo, kiongozi wa watu watatu aliowatuma. "Nasikia unafuga vidudu."

"Mama yako ndiye aliyefuga kidudu."

Kofi likampasua mdomo na kumwangusha sakafuni. Wenzake Genivaldo wakaligeukia roboti. Mkono wake wa chuma ulikuwa ungali ukipanga visahani. Wakaugonga mpaka ukaning'inia kama bawa la kuku. Kisha wakafungua jokofu, wakasaga kwa buti vichupa vyote vya akiba.

Genivaldo akamkanyaga Jandira vidole vya mkono wa kulia mpaka vikaalika. "Na humu pipani?"

Wakilipindua tu, basi, yote yamekwisha. Jandira akaitazama ndoo ya tindikali iliyozimuliwa, aliyoiandaa asubuhi. Wapika mafuta ya miwa wote huku huosha chachu hivyo kila inapomaliza kuchacha: bakteria hufa, chachu hubaki.

"Kaka, nakusihi, usimwage tindikali hiyo! Kwa heshima ya mama yako!"

"Ahaa, sasa mama yangu ana heshima?" Genivaldo akacheka, akainyanyua ndoo na kuimimina yote pipani. Povu likafoka. Akamtemea Jandira mate, wakaondoka.

Jandira alitambaa hadi kwa Tarcísio, akamfunga mguu kwa mkanda wake.

"Imekufa?" Tarcísio akanong'ona.

"Imeoga."

Tarcísio akacheka huku machozi yakimtoka.

Gari la wagonjwa lilipofika, Jandira alikataa kupanda kwanza. Alimwaga kahawa ya kwenye chupa yake sakafuni, juu ya damu na vigae vya vioo, akaijaza chupa ile tope la chachu kwa mkono wa kushoto. Njia nzima aliikumbatia kifuani, akihisi gesi ikisukuma kifuniko.