Bweni la Mwisho la Chuo cha Murera

Mwalimu Muthoka alipokufa, watu wa Murera hawakuhitaji kuelezwa ameacha nini. Chuo cha ualimu alikikuta kina vibanda viwili vya udongo vilivyovuja kila mvua iliponyesha. Alikiacha kina madarasa ya mawe, mabweni, kanisa, na tangi la maji lililoonekana kutoka barabara ya Ruiru. Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kujenga. Ukimsalimu, anakujibu kwa habari za mabati. Hata siku yake ya mwisho, pumzi zikimpaa, alimshika mkono naibu wake Nzioka akamwambia, "Usiache kujenga."

Nzioka alilipokea neno hilo kama agano. Maskini, angejua angeziba masikio.

Hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ikaanza kufunga shule za Waafrika ovyo ovyo. Mkaguzi wa elimu alifika Murera, akazunguka mabweni akichokora vitanda kwa fimbo, akasema wanafunzi wamebanana mno. Lisipopatikana bweni jingine kabla ya mvua za vuli, chuo kitafungwa. Nzioka alikosa raha kabisa. Chuo kimfie mkononi yeye, mwaka wa pili tu tangu akabidhiwe? Basi akafanya ambalo Muthoka angefanya: akaita mwethya, kazi ya ujima.

Kwa Wakamba, ukiitwa mwethya unakwenda. Una homa? Mtume binti yako. Asiyekwenda atalima peke yake na kujenga peke yake, na siku akifiwa atachimba kaburi peke yake. Aliyeita naye ana wajibu wake, kuwalisha watu mpaka washibe. Nzioka alimchinja fahali wake wa pekee.

"Na shamba utalima na nini?" mkewe Ndila alimuuliza, akikoroga mahindi na maharagwe kwenye pipa. "Ama tutakula chuo?"

"Chuo kikisimama, hatutalala njaa," Nzioka akajibu, na aliamini alichosema.

Wanawake walibeba mawe mgongoni kutoka machimbo ya mto Ndarugu, kamba zikiwakata vipaji vya nyuso. Mbele yao alikuwa Kamene, mjane mwenye sauti ya kuamsha wafu, ambaye mwanawe Nzomo alikuwa akikata mkonge kwenye shamba la mzungu upande wa Thika. Kila alipotua jiwe alimkumbusha Nzioka, "Kitanda kimoja humo ni cha Nzomo wangu, Mwalimu. Usijifanye umesahau."

"Kitanda cha dirishani, mama," Nzioka alimjibu, na wote wakacheka.

Bweni likaisha kabla ya mvua. Mkaguzi alirudi, safari hii na ofisa mmoja wa jeshi mwenye masharubu mekundu. Ofisa aligonga kuta kwa ngumi, akapima madirisha, akauliza maji yanatoka wapi. Nzioka alimwonyesha kila kitu, kifua mbele. Alipoulizwa bweni linaweza kulaza watu wangapi, aliona hapa ndipo pa kukiokoa chuo, akasema wakijipanga vizuri wataingia maradufu. Ofisa akatabasamu. Mkaguzi alikuwa ameinamia viatu vyake.

Juma lililofuata wanafunzi walirudishwa makwao. Seng'enge ikazungushwa kuanzia kanisa hadi tangi la maji, na malori yakaanza kushusha wanaume waliofungwa pingu. Chuo kikageuka kambi ya kizuizini. Nzioka alisimama ng'ambo ya barabara akitazama. Vibanda vya udongo nani angevitaka? Ni ukubwa ndio uliowatia tamaa, na ukubwa huo ulikuwa kazi yote ya maisha ya Muthoka. Sasa aliwachukia wote wawili, marehemu na nafsi yake.

Kisha askari walifanya msako Thika, wakazoa kila kijana waliyemkuta njiani. Nzomo alikuwa ametumwa chumvi.

Kamene alifika kwa Nzioka asubuhi, hakukubali kiti.

"Mwalimu, mtoto yangu ako ndani. Wamemuweka kwa ile bweni mpya."

"Nimesikia, mama."

"Sikuja kukulaumu. Uliita, tukakuja." Alisogea karibu, akapunguza sauti. "Wewe ndiye ulisimamia hiyo kazi. Niambie ni wapi haiko imara. Pahali simiti ilipungua, ama dirisha moja yenye imelegea. Nimpenyezee habari tu. Haki ya Mungu, sitasema ni nani aliniambia."

Nzioka alifumba macho akaupitia ukuta wote kichwani, jiwe kwa jiwe, kutoka msingi hadi kwenye mabati. Alitafuta kwa dhati, akimwomba Mungu akute kosa. Lakini palipopinda aliamuru pavunjwe pajengwe upya, na jiwe lenye ufa lilirudishwa machimboni, hata kama aliyelibeba alikuwa Kamene.

"Hakuna, mama."

"Hata pahali pamoja?"

"Hata pamoja."

Kamene akajifunga leso yake upya kiunoni.

"Ni kweli," alisema. "Hiyo kazi tulifanya vizuri." Akageuka, akashika njia ya kwake.