Kaburi la Titi Langu

Nafumba macho kwenye benchi la kliniki ya saratani, adhuhuri, kwa hasira tu, maana daktari ametoka kuniambia kwamba uvimbe wangu hauwezi tena kupimwa vipokezi. Amenieleza polepole: zipo saratani za matiti zenye vipokezi vinavyodaka homoni za kike, na homoni hizo ndizo zinazozikuza, basi hunyimwa chakula hicho kwa vidonge, na zipo zisizo navyo, hizo vidonge hivyo havizifanyi kitu. Yako ni ipi, Kalekwa, hatujui. Sindano ya kwanza, ile ya kuchota chembe za uvimbe, ilituonyesha tu kuwa ni saratani, na titi tulilolikata ndugu zako waliliomba wakalizike, aliyekuwa zamu akawapa, na sasa limeshaoza. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimelewa dawa ya usingizi, shangazi Nyanzala akaamua, mume wangu akaitikia, na mwenye titi nikawa wa mwisho kujua. Nafumba macho, na benchi linakuwa barabara.

Barabara haina mwisho, kila nikiufikia nakuta ni mwanzo wake, na kando zote mbili kuna nyumba za vioo, na kila kioo kinanionyesha mwenyewe, hapa nina matiti mawili, pale nina moja, pale sina hata kifua, ni khanga tu imesimama wima. Mbele yangu anatembea mwanamke asiye na uso. Namuuliza, titi langu liko wapi? Anajibu bila kugeuka, kitendawili. Sitaki vitendawili mimi, nataka titi langu. Kitendawili, anarudia, na miguu yangu inakwenda lakini nyumba hazisogei, mpaka naitikia huku nimeuma meno, tega. Mgeni wangu ananenepa na hajanionyesha sahani yake, anakula nini? Mgeni namjua, ni huo uvimbe. Anachokula ndicho nisichokijua, ndicho walichokifukia. Sijui, nasema. Basi nipe mji, anasema, kama watoto wote wanavyosema ukishindwa. Nikupe mji gani, napiga kelele, mwili wenyewe mmeshaugawa bila mimi, mji nitautoa wapi? Vioo vinatetemeka, nyumba zinageukana, na barabara inakuwa uwanja wa kwa shangazi, na matanga yamekaliwa. Mikeka imetandikwa, sufuria la ubwabwa linafuka, watu wanakula na kuongeza. Pole na msiba, wananiambia. Msiba wa nani? Wa Kalekwa. Kalekwa ni mimi! Pole sana, mama, hebu sogea kidogo tupitishe chai. Nataka kulipiga teke hilo sufuria. Shangazi amekaa kando ya kifusi kidogo cha udongo, anakipapasa. Mwanangu, anasema, kiungo cha mtu hakitupwi jalalani kama ganda la muhogo, tumekistiri. Nani alikwambia kitatupwa? Kilitakiwa kikapimwe, shangazi, mmezika jibu langu! Usinipandishie sauti, Kalekwa, mimi nimekupakata. Ulinipakata, hukunimiliki. Nampenda shangazi, na hapa nilipo natamani kumtikisa mpaka kilemba kimtoke. Napiga magoti nachimba kwa kucha, chini ya udongo kuna udongo, na chini yake udongo mwingine, na yule asiye na uso amesimama juu yangu, nipe mji, nipe mji. Chukua huu basi! Chukua na matanga yake, na ubwabwa wake, na wote walioula! Nipe jibu langu! Anainama. Mama kazikwa, anasema, watoto wamelala kwa jirani. Kisha ananichoma kidole kwapani, palipo na mshono wa pili.

Maumivu yananiketisha. Muuguzi Salome ameniinamia, anasema nimekuwa nikipiga kelele usingizini. Namuuliza, kwapani mlinitoa nini? Tezi, dada, zilikuwa zimevimba, saratani ileile ya titi ilishafika huko. Ziko wapi? Ndiyo nimekuja kukuambia, daktari alidhani zilikwenda pamoja na titi, kumbe zimo kwenye chupa ya dawa ya kuzuia kuoza huko maabara, na zinaweza kupimwa vipokezi vilevile. Ila harakisha, shangazi yako yuko kwenye dirisha la maabara anaziomba, anasema maiti haizikwi nusu. Maiti! Nakimbia na mshono unanivuta, ukumbi unarefuka, nikidhani nimefika nakuta bado, na pale dirishani mtu wa maabara anamkabidhi shangazi chupa. Shangazi anageuka. Nautafuta uso wake siuoni, sijui ni machozi yangu au bado nimelala. Lete, shangazi. Mwanangu, kaburi tumeshalifukua, linangoja. Lifukieni lilivyo, nasema, na nampokonya chupa kwa nguvu ambazo sijawahi kumwonyesha mtu mzima. Ni ya baridi, ni nzito kuliko nilivyodhani. Shangazi anaanza kulia, na siombi radhi. Nairudisha chupa dirishani, namwambia mtu wa maabara, mwenye kutoa ruhusa ya hizi ni mimi, nikiwa nimelala au niko macho, pima.