Mechi Moja ya Ipyana

Daktari ananifunika pua na mdomo kwa barakoa ya dawa ya usingizi, muuguzi ananishika bega, na taa za chumba cha upasuaji zinayeyuka juu yangu. Maumivu ya kiwiko cha kulia yanakwenda mbali, mbali zaidi, kisha natembea. Barabara ni ya udongo uliosawazishwa kama wa uwanja wa besiboli, haina mwisho, na kila nikikata kona inajizaa upya mbele yangu. Mimi ni Ipyana wa Tukuyu, mrushaji mpira niliyesajiliwa na timu ya Japani, na mama alipolia uwanja wa ndege nilimwambia, usilie, mama, nakwenda kazini. Barabara inanifikisha kwenye mji wenye kuta za vioo, na katika kila kioo yumo Ipyana anarusha. Ni mechi yangu ya kwanza. Mpira unatoka mkononi ukivuma, wapigaji wanapunga magongo hewani, wanakosa, na watu wananishangilia kwa jina wasiloweza kulitamka. Natembea, yeye anarusha, natembea, mpaka kwenye kioo kingine namwona ameshika kiwiko na kocha anamjia. Kocha, mkono unawaka moto. Malizia, anasema kocha, leo sina mwingine wa kumweka. Nitaumia, kocha. Unajua ni wangapi wanaitaka nafasi yako? Nakigonga kioo, napiga kelele, toka uwanjani, Ipyana, toka! Hanisikii. Anarusha, na mlio wa kiwiko kukatika unapasua vioo vyote.

Katikati ya vigae vya vioo amesimama mtu mwenye sare ya timu, na chini ya kofia hana uso. Nionyeshe njia, namwambia. Kitendawili, anasema. Tega. Mchana walikipigia makofi, jioni wakakitupa. Ngoma, nasema. Mpira. Bendera. Kila jibu anatikisa kichwa. Umeshindwa, nipe mji. Tukuyu sikupi, mama yuko kule. Nakupa huu tuliomo, nasema, na viwanja vyake, na kelele zake zote. Anacheka bila mdomo. Huu haujawahi kuwa wako, anasema, na ardhi inaniachia.

Nafumbua macho. Mkono wangu uko ndani ya plasta, na kando ya kitanda amekaa mwanamume mwenye tai, anaongea Kiswahili cha kujifunza vitabuni. Pole sana, ndugu. Mimi ni Morita, mkalimani. Daktari anasema upasuaji umekwenda vyema, lakini hutarusha tena. Timu imevunja mkataba, inakushukuru, utasafiri Jumamosi. Kocha amekuja? Hapana. Basi wewe, Bwana Morita, uliiona mechi yangu? Anainamisha kichwa. Samahani, ndugu, mimi nimeitwa leo tu, kwa ajili ya kutafsiri. Namgeukia muuguzi, nauliza, nilirusha kweli, dada? Ananitabasamia, hakuelewa neno hata moja, ananitengenezea mto.