Aliyesimama Ukutani

Kabla hakujapambazuka, vitufe vya kompyuta vilisikika sebuleni: ko... ko... ko. Mshona mapazia akajua ni mume wake, maana hakuna mwingine pale nyumbani aliyeandika kwa kidole kimoja. Alikuwa amezikwa tangu kiangazi. Akamtilia chai, akavuta kiti karibu yake.

"Umekonda," akamwambia.

"Na wewe sukari umeifanyia ubahili," mumewe akajibu.

Mke alikwishajaribu mara nyingi kuifungua tovuti ya hospitali, ikamwambia kwamba kila mtu huona rekodi zake tu. Neno la siri mumewe alikwenda nalo. Sasa mzee akaliandika polepole, ukurasa ukafunguka, ukamkaribisha kwa jina. Kwenye siku aliyofariki palikuwa na neno moja: Hakufika.

Alifika. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, mpaka alipoingia mama mwenye mtoto mgongoni, akampisha. Pale hospitalini karani huchungulia dirishani na kuandika waliokaa tu; aliyesimama huhesabiwa hayupo. Mzee alisimama ukutani mpaka moyo ukachoka.

Chini ya ukurasa kulikuwa na kitufe cha malalamiko. Mzee akakibonyeza. Jibu likaja papo hapo: mhusika afike mwenyewe.

"Wametaka ufike, utafika," mkewe akasema, akamfunga vifungo vya koti.

Hospitalini mlinzi alimwamkia mzee, akampa pole ya safari. Karani naye hakuwa mkali. Alieleza kwamba mfumo humwonyesha mtu rekodi zake, haumruhusu kuzibadilisha. La muhimu mzee akakae, aonekane. Benchi lilikuwa limejaa. Dada mmoja mwenye bendeji mguuni akajisogeza ili ampe nafasi.

"Kaa, mwanangu," mzee akasema. "Mimi mahali pangu ni hapa."

Akatundika kofia yake kwenye msumari, akaegemea ukuta. Mkewe akasimama kando yake. Mwenye bendeji akawatazama kwa muda, akashika mkongojo wake, akainuka. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila kuambizana, huyu akimshika yule mkono, mpaka benchi likabaki tupu na ukuta ukajaa watu.

Karani akachungulia dirishani, akaandika. Simu zikalia mifukoni kwa pamoja. Kila mmoja akafungua rekodi zake, akasoma: Hakufika. Rekodi za mzee sasa zilikuwa na mistari miwili, wa pili chini ya wa kwanza, herufi zilezile.

"Basi leo hatukufika wengi," akasema mwenye bendeji, na ukuta mzima ukacheka.

Hakuna aliyerudi kukaa. Jua lilipoinama mzee akaanza kufifia mabegani, kama kitambaa kilichofuliwa sana. Mkewe akamnyoosha kola. Mzee akanyoosha mkono kuchukua kofia, mkewe akamzuia.

"Iache ikushikie nafasi," akasema. "Kesho uje tena, Baba Watoto. Wataandika hivyohivyo. Wewe njoo."