Chembe Zisizoomba Kibali

Karatasi ya barua ilikuwa nyembamba mno, hata maneno ya nyuma yalichungulia mbele kama watoto wa jirani dirishani. Shemsa aliikunja mara nne, akaificha ndani ya buibui, akaitoa na kuikunjua tena. Ilikuwa siku ya tisa tangu kaka yake, mwalimu Masoud, achukuliwe shuleni na watu wa usalama kwa sababu ya daftari lililojaa tarakimu. Katika mwaka ule wa sabini na moja, tarakimu zisizo na maelezo zilitosha kumfunga mtu.

"Wapelekee hiyo barua wasome wenyewe," alisema mama yao, Bi Mashavu, ambaye alichojua kusoma ni msahafu tu. "Si umenambia imeeleza kila kitu?"

"Imeeleza, mama."

"Basi wangoja nini? Ulimi wako wa kuchekesha mtaa mzima wa Mlandege leo umeingia wapi?"

Umeingia humo humo baruani, angejibu, lau angethubutu.

Upande wa mbele, Shamsi, rafiki wa Masoud aliyekuwa akisoma Uingereza, aliandika habari za nyota iliyokufa ikakataa kuzikwa: inazunguka, na kila sekunde moja na theluthi inapiga kama moyo. Akaorodhesha na saa za mapigo hayo. Ndizo alizonakili Masoud daftarini, akitafuta kwa penseli kama nyota ya namna hiyo yaweza kuwa ndiyo inayorusha nyutrino zenye nguvu, vijichembe vinavyopenya jabali, bahari na mwili wa mtu bila kugusa kitu. Barua ililetwa kwa mkono, haikupita posta ikafunguliwa, kwa hiyo upande wa nyuma Shamsi hakujizuia: "Mwambie Shemsa mzaha wake umetuvunja mbavu, kwamba nyutrino ndizo pekee zinazotoka Unguja bila kuomba kibali, na gerezani huingia na kutoka zipendavyo."

Kuichana haikufaa; mzaha ungeondoka na tarakimu. Kuinakili? Nani angeamini mwandiko wa dada mtu? Mzaha alioutupa ovyo kama maganda ya njugu sasa ulimkaa kooni.

Mwishowe alipanda ghorofani, ofisi ya usalama, ambako afisa, Bwana Silima, alikuwa na daftari la Masoud mbele yake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Dada yake mwalimu Masoud."

"Kaka yako nshamuuliza mara saba. Anasema nyota. Nyota gani hiyo inayopeleka simu za siri?"

"Si simu, Bwana Silima. Tazama, nafasi baina ya pigo na pigo ni ile ile, kurasa zote kumi na nne. Nani atapeleka neno moja mara elfu?"

"Mtu anayewaambia wenzake: bado, bado, bado."

Jawabu tamu lilimjia Shemsa ulimini. Akalimeza. Lilikuwa la kwanza kulimeza tangu azaliwe, nalo lilishuka kama mwiba wa samaki changu.

"Nnataka kujua zilikotoka," alisema Silima. "La sivyo, alasiri hii anapelekwa kwengine."

Kwengine hakukuwa na jina. Waliopelekwa huko, jamaa zao waliambiwa wasihangaike tena kuleta chakula.

Shemsa akatia mkono ndani ya buibui. Aliiweka karatasi mezani, tarakimu juu, na kidole chake kikachelewa kuiachia.

Silima alisoma taratibu, kidole kimoja baruani, kimoja daftarini. Safu kwa safu.

"Zinalingana," alisema, kama mtu aliyeudhika. "Kumbe kweli nyota."

Akaandika mstari katika faili, akagonga mhuri. Neno lilikuwa kichwa chini upande wa Shemsa, lakini alilisoma: aachiwe. Akanyoosha mkono kuichukua barua.

Silima alikuwa ameshaigeuza.

Alisoma. Kona ya mdomo ilimcheza mara moja, kisha ikatulia, na Shemsa hakujua kama kile kilikuwa kicheko.

"Shemsa," aliita, bila kuinua macho.

Shemsa hakuwa amemtajia jina lake; lilikuwa baruani tu, kando ya mzaha. Alitazama mhuri katika faili la kaka yake. Wino wake ulikuwa bado mbichi, neno moja la kukana lingetosha kuufuta.

"Naam," aliitika.